Sauti ya Mtu Ndiyo Mizani

Mjomba wangu hakuwa akipima spika kwa muziki. Katika kibanda chake cha kutengenezea redio pale Ngamiani, Tanga, spika iliyokwisha kufungwa ilisubiri taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtangazaji akianza kusoma, mjomba huweka chini chuma chake cha kulehemea, huzima feni, huinamisha kichwa na kusikiliza. Akiridhika husema, "Huyu mtu yumo humu ndani." Asiporidhika hufungua skrubu upya, hata kama mwenye redio amekaa kwenye benchi na pesa yake mkononi.

Mimi nilikuwa mpwa wa kushika tochi na kukimbilia chai. Nilitamani aweke kanda ya Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, bendi za kwetu, ili sote tufurahi. Siku moja nikamuuliza kwa nini hafanyi hivyo. Alinijibu huku macho yake yako kwenye kazi: "Mwanangu, bendi hujui studioni ililiaje. Gitaa hili pengine ndivyo lilivyo, pengine spika imeliharibu, utajuaje? Lakini mtu akisema, sikio lako linamjua. Umesikiliza watu tangu siku uliyozaliwa."

Nimesoma na kusikiliza mengi tangu wakati ule, na bado sijapata kanuni iliyo bora kuliko hiyo. Nilipostaafu ualimu na kutaka spika nzuri ndogo za sebuleni, pamoja na amplifaya ya kuzisukuma, niliianza kazi ya kuchagua kwa maneno ya mjomba. Kila niliyemwuliza alinitajia wati. Wauzaji walitaja wati, vijana wa mtaani walitaja wati, hata rafiki zangu walioishi na muziki maisha yao yote walitaja wati. Hakuna aliyeniuliza chumba changu kikoje wala ninasikiliza nini.

Spika ndogo ya aina ninayoizungumzia, ile ambayo kwa mazoea huitwa spika ya rafu, kwa kawaida ina vipaza viwili katika sanduku moja. Chini kuna wufa, koni ya inchi nne hadi sita na nusu, inayotoa besi na sehemu kubwa ya sauti ya kati. Juu kuna twita, kuba dogo la hariri au la metali, kipenyo chake inchi moja hivi. Ndani kuna krosova, koili na kapasita chache zinazogawa kazi: sauti nzito ziende chini, nyembamba ziende juu. Mgawanyo huo mara nyingi hufanyika kwenye mitetemo 2,000 hadi 3,000 kwa sekunde, na papo hapo ndipo sauti ya binadamu inapopita. Irabu hukaa zaidi kwenye wufa. S, sh, f na th huhamia kwenye twita. Kama aliyeibuni spika hakuvioanisha vipaza vyake, mtu mmoja anayezungumza huwa watu wawili, kifua chake kinatoka chini na meno yake yanatoka juu.

Kwa sisi watu wa pwani kuna jaribio lisilo na gharama. Msikilize mtu mwenye matamshi safi akisoma matini yenye th na s, dh na z. Th ni pumzi dhaifu sana, na iko juu kabisa katika sauti ya mtu. Spika iliyotulia inakupa "thamani" na "samani" kila moja mahali pake, wala hujikazi kusikia. Spika ambayo twita yake imetiwa ukali ili ivutie dukani hugeuza zote mbili kuwa s inayochoma sikio, na iliyofifia huku juu huzimeza zote. Wengine hupima kwa kisomo cha Qurani, na ni kipimo kizuri mno, kwa sababu msomaji mzuri hutoa kila herufi pale inapotoka na hakuna ala yoyote ya kuifichia spika aibu yake.

Miaka mingi baada ya siku zile za Ngamiani nilisoma habari za spika inayoitwa LS3/5A, nikamkumbuka mjomba. Ilibuniwa na wahandisi wa BBC huko Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje. Ndani ya gari la namna hiyo fundi mitambo amebanwa na mashine pande zote, spika kubwa haina pa kukaa, na bado anatakiwa ajue kama sauti anayoirusha hewani iko sawasawa. Basi wakatengeneza kisanduku kilichofungwa pande zote, kimo chake kama sentimita 30, upana 19, kina 16, wakakitia wufa na twita za kampuni ya KEF. Mbao zake ni nyembamba, lakini kwa ndani zimebandikwa vitu vya kuua mtetemo ili sanduku lisiimbe pamoja na mwimbaji. BBC walikuwa na desturi ya kumweka mtu studioni azungumze, kisha kulinganisha sauti yake halisi na ile iliyotoka kwenye spika katika chumba cha jirani. Wale walikuwa na maabara na vipimo vya kila aina. Mjomba alikuwa na mita moja na masikio mawili. Wote wakaamua kwamba mizani ni mtu anayesema.

Kampuni kama Rogers, Spendor na Harbeth zilipewa leseni ya kuitengeneza, na hadi leo bado kuna wanaoiunda na wanaoitafuta kwa bei kubwa. Sikuinunua, lakini niliichunguza kwa makini, maana inaonyesha waziwazi kile ambacho spika ndogo inaweza na kile isichoweza. Sauti ya kati ni safi ajabu. Besi ya chini kabisa haimo. Na unyeti wake, yaani sauti inayotoka kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, ni kama desibeli 83 tu, kiwango cha chini ukilinganisha na spika nyingi za leo.

Upungufu huo unatokana na maumbile, ufundi haukukosekana. Katika spika kuna mambo matatu yanayovutana: udogo wa sanduku, kina cha besi, na wingi wa sauti kwa umeme kidogo. Unaweza kupata mawili. La tatu utalilipia. Muuzaji anayekuambia kwamba kisanduku chake cha kukaa juu ya kabati kina vyote vitatu anakuuzia kitu ambacho hakipo duniani. BBC waliamua kuacha wingi wa sauti na besi ya chini ili sauti ya mtu ibaki safi. Watengenezaji wengi wa sabufa za siku hizi wameamua kinyume, mdundo kwanza, na sauti ya mwimbaji ikae itakapokaa.

Hofu ya kukosa besi ndiyo inayowafanya watu wengi wapite mbali na spika ndogo, na naielewa. Waya mzito kabisa wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Spika nyingi za ukubwa huu huanza kufifia kwenye 50 au 60. Lakini sikio la binadamu lina uwezo wa kustaajabisha: likisikia mitetemo ya juu inayoambatana na sauti nzito, hujijazia lenyewe ile ya chini iliyokosekana. Ndiyo maana tuliweza kufuata besi ya bendi ya dansi kwenye redio ndogo ya betri, yenye koni ambayo kwa vipimo haikuweza kabisa kutoa sauti ile. Kwa hiyo kwenye spika ndogo usiulize besi ni nyingi kiasi gani. Uliza kama unaweza kuifuata noti kwa noti, ukajua mpigaji amepanda au ameshuka. Besi inayotoa "bum" moja kwa kila noti ni mbaya, hata ikitikisa mlango.

Sasa chumba, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu chumba ndicho kinachoamua sehemu kubwa ya utakachosikia.

Sebule yangu ina mita 4 kwa 5. Sakafu ni vigae, kuta ni matofali ya saruji yaliyopigwa plasta, madirisha ni ya vioo, dari ni jipsamu. Nyumba nyingi za miji yetu ziko hivyo. Simama katikati ya chumba cha namna hiyo kabla hujaingiza samani, piga kofi moja, na utasikia mlio mkali unaokimbia ukutani na kurudi. Sauti nyembamba zikigonga vigae na vioo hazifyonzwi sana, zinarudi karibu zote, na zikirudi zinachanganyika na zile ambazo spika inazitoa sasa. Spika bora kuliko zote ukiiweka humo itasikika kali na yenye vurugu, nawe utailaumu bure. Nilitandika zulia nene mbele ya spika, nikaning'iniza mapazia mazito, na kabati la vitabu likahamia ukuta wa nyuma yangu. Mkeka wa ukindu husaidia kidogo tu, ni mwembamba mno. Afadhali zulia, au viti vya kitambaa badala ya ngozi ya plastiki. Baada ya hapo nilipiga kofi tena na chumba kikanyamaza.

Sauti nzito zina tabia nyingine kabisa. Wimbi la mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu wa mita zaidi ya nane, refu kuliko chumba changu chote, na zulia halilifanyi lolote. Linachojali ni kuta. Spika ikisukumwa kwenye kona, kuta mbili na sakafu huikuza besi, na mtangazaji anasikika amezungumzia ndani ya mtungi. Ikivutwa mbele kiasi cha nusu mita, besi inapungua na maneno yanafunguka. Spika zenye tundu la hewa kwa nyuma zinahitaji nafasi hiyo zaidi ya zile zilizofungwa. Kwa hiyo jina lake lisikuhadae: spika nyingi za rafu hulia vizuri zaidi zikiwa nje ya rafu, juu ya stendi, twita ikiwa usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Stendi zangu nilichomewa na fundi wa milango, mabomba ya mraba yenye bamba juu na chini, nikayajaza mchanga mkavu ili yasivume. Uwe mchanga wa mtoni. Wa baharini una chumvi na utakula chuma kwa ndani. Spika mbili nimeziachanisha mita mbili, nami nakaa karibu mita mbili na nusu kutoka kila moja, zikiwa zimeelekezwa kidogo kwangu. Zikikaa sawasawa mwimbaji husimama katikati, mahali pasipo na spika yoyote. Mjukuu wangu alikwenda kupatazama pale katikati, akapapasa ukuta.

Ukishakijua chumba chako ndipo uchague spika, na ukishaijua spika ndipo uchague amplifaya. Watu wengi hufuata njia hiyo kinyumenyume, wananunua amplifaya kubwa kwanza kisha wanaitafutia kitu cha kuendesha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Spika ya desibeli 87 ikipewa wati moja, na ziko mbili chumbani, ukikaa mita mbili na nusu utapata sauti inayozidi desibeli 80, kiasi cha kukulazimu upaze sauti ukitaka kuzungumza na aliye kando yako. Wati moja tu! Lakini muziki una vilele. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, au tarumbeta zikiingia kwa pamoja, kwa nukta ndogo sana ya wakati huhitajika mara kumi, pengine mara thelathini ya umeme ule. Ndiyo maana amplifaya ya wati 40 au 50 za kweli inakutosha sebuleni, na ya wati 5 haikutoshi. Ukichukua spika ya desibeli 82, tofauti ya desibeli tano, utahitaji umeme mara tatu zaidi kwa sauti ileile. Na kila ukitaka kuongeza desibeli tatu lazima umeme uzidishwe mara mbili, kwa hiyo tofauti kati ya amplifaya ya wati 50 na ya wati 60 sikio huisikia kwa shida sana. Usilipie tofauti hiyo.

Nilisema wati za kweli. Kwenye maboksi ya sabufa utaona imeandikwa wati elfu tano, elfu kumi, pembeni kuna herufi PMPO. Geuza mashine, soma kibati cha nyuma kinachosema inatumia umeme kiasi gani kutoka ukutani. Mara nyingi utakuta wati 60, au 80. Mashine inayopokea wati 60 haiwezi kutoa elfu tano; huo umeme utoke wapi? Tafuta maneno matatu tu: wati ngapi kwa kila upande, kwenye omu ngapi, zikiwa pande zote mbili zinafanya kazi pamoja.

Omu nazo, yaani kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme, zisipuuzwe. Spika iliyoandikwa omu 8 haikai omu 8 muda wote. Inapanda na kushuka kufuatana na sauti inayopita, na baadhi hushuka hadi nne au chini yake. Hapo ndipo amplifaya hudaiwa mkondo mkubwa wa umeme. Iliyojengwa vizuri husimama. Dhaifu hupata joto na kukwaruza. Dalili njema ni amplifaya ambayo wati zake huongezeka sana kutoka omu 8 kwenda omu 4, mathalani kutoka 50 hadi 80 au 90. Mfano mashuhuri ni NAD 3020 iliyotoka mwaka 1978. Kwenye karatasi ilikuwa na wati 20 tu kwa kila upande, na haikuwa ghali, lakini ilikuwa na akiba ya mkondo kwa vile vilele vya muziki, ikaziendesha spika ambazo mashine zilizoandikwa wati nyingi zaidi zilishindwa nazo. Baharia mmoja wa mtaani kwetu alirudi nayo kutoka Ulaya, ikaletwa kwa mjomba kubadilishwa swichi. Ilikaa kibandani wiki nzima baada ya kupona. Mjomba alikuwa akiisikiliza.

Jambo jingine nililojifunza mezani kwake ni kwamba twita nyingi huuawa na amplifaya ndogo kuliko zinazouawa na kubwa. Mtu ana amplifaya dhaifu, ana harusi, anaizungusha hadi mwisho. Mashine ikishindwa kufika kileleni hukikata kichwa cha wimbi la sauti, na wimbi lililokatwa huzaa sauti nyembamba kali ambazo hazikuwemo kwenye wimbo. Hizo zote huenda kwenye twita, yenye koili ya waya mwembamba sana. Asubuhi spika inaletwa kwa fundi, na mwenyewe anaapa kwamba hakuweka sauti kubwa sana, kwani mashine yake ni ndogo.

Kuhusu mtumba nitasema mambo machache, maana wengi wetu huko ndiko tunakonunua, na vitu bora vya zamani vipo. Kwanza volti. Vifaa vingi vilivyotumika Japani vimetengenezwa kwa volti 100; umeme wetu ni 230. Jirani yangu alinunua amplifaya nzuri sana ya Kijapani, nzito, ya kung'aa. Dukani ililia vizuri kwa sababu chini ya meza palikuwa na transfoma ya kupunguza umeme, na muuzaji hakumwambia. Nyumbani aliichomeka ukutani moja kwa moja. Moshi ulitoka kabla hajawasha wimbo. Soma kibati cha nyuma kabla ya kutoa pesa, na kama ni 100, hesabu bei ya transfoma ndani ya bei ya amplifaya.

Pili, kagua ukingo wa koni, ule mkunjo unaoishikilia koni kwenye fremu. Spika nyingi za zamani zina ukingo wa sponji, na sponji katika joto na unyevu wa pwani huoza na kusagika kwa kidole. Mpira hudumu zaidi. Kisha weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni na uisukume ndani polepole, taratibu, sawasawa. Ikienda na kurudi kimya, koili iko salama. Ukisikia mkwaruzo, koili imehama au imeungua. Iache hata kama sanduku lake ni la mninga. Swichi na kitufe cha sauti vikikwaruza si tatizo kubwa, mara nyingi ni uchafu na chumvi, fundi atasafisha.

Mimi hatimaye nilikwenda Kariakoo na mpwa wangu, kijana wa watu, mwenye subira. Nilibeba nyimbo ninazozijua. Wa kwanza ulikuwa wa Black Star Musical Club ya kwetu Tanga, Shakila akiimba, kwa sababu sauti yake naijua na gitaa la besi kwenye taarab ile liko wazi kabisa kufuatiwa. Wa pili ni Bi Kidude, sauti yenye mchanga ndani yake pamoja na ngoma. Spika inayolainisha mchanga huo inasema uongo. Wa tatu Ikhwani Safaa wa Unguja, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, kwa ajili ya fidla nyingi zikipigwa pamoja, kwani hapo twita kali hujiumbua mara moja. Wa nne Mlimani Park, Sikinde, magitaa matatu yanayosukana, nione kama nitalifuata kila moja peke yake. Rekodi hizo za zamani, hasa zile zilizofanywa Radio Tanzania, zilifanyika kwa vifaa vichache, wanamuziki wakipiga pamoja chumba kimoja. Wapo wanaodhani hazistahili spika nzuri. Mimi nasema ndizo zinazostahili zaidi, maana zina watu halisi waliosimama mahali halisi, na spika nzuri inakuonyesha walisimama wapi.

Muuzaji alikuwa mchangamfu. Kila alipohamia spika ya bei kubwa zaidi mkono wake uligusa kitufe cha sauti kidogo. "Mzee, sikia hii sasa!" Na kweli ilisikika bora. Mpwa wangu akatoa simu yenye programu ya kupimia desibeli, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, hii ameiongeza desibeli nne." Tukamwomba kwa heshima azisawazishe, akakubali bila kinyongo. Tofauti kubwa ikayeyuka. Mwaka 1933 Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio letu husikia besi kwa unyonge sauti ikiwa ndogo, na besi hunenepa sauti ikipanda. Kwa hiyo yenye sauti kubwa zaidi, hata kwa desibeli mbili tatu, itaonekana imejaa zaidi. Ukilinganisha spika bila kusawazisha sauti, unalinganisha mkono wa muuzaji.

Halafu nikageukia ukuta, nikamwomba mpwa abadilishe spika bila kunitajia. Sikulibuni jambo hilo. Floyd Toole, mtafiti wa Kanada, alitumia miaka mingi kuwasikilizisha watu spika zikiwa zimefichwa, na mwaka 1994 yeye na Sean Olive walionyesha kwamba wasikilizaji walewale, wakiziona spika, hubadilisha alama walizotoa. Ukubwa, sura na jina huingia sikioni. Toole aliona pia kwamba gizani watu wengi sana huchagua spika za aina moja, zile ambazo hazizidishi wala kupunguza sehemu yoyote ya sauti, na ambazo sauti yake haibadiliki sana ukisogea pembeni. Nikiwa nimetazama ukuta, niliichagua jozi moja kwa Shakila, kwa Bi Kidude, na kwa fidla. Ilikuwa ya bei ya katikati. Sikinde ilinifanya nisite, kwa sababu jozi nyingine ilikuwa na mdundo zaidi. Mwishowe nikaweka taarifa ya habari kutoka kwenye simu, mwanamke akisoma. Kwenye ile jozi alikuwemo.

Jina la jozi hiyo silitaji kwa makusudi. Ningelitaja, mtu angeinunua kwa ajili ya chumba nisichokijua na nyimbo nisizozisikiliza. Nitasema tu ni ya njia mbili, wufa ya inchi sita na nusu yenye ukingo wa mpira, omu 8, desibeli 87, na kwamba theluthi mbili hivi ya pesa yangu iliishia kwenye spika. Amplifaya niliyoichukua ni ya wati 50, rahisi, haina taa za kuchezacheza. Siku hizi kuna amplifaya za daraja D, nyepesi na zisizopata joto sana, na nilizozisikiliza zilikuwa nzuri. Ule usemi wa zamani kwamba amplifaya nzito ndiyo bora hauna nguvu tena. Amplifaya ikishakuwa na umeme wa kutosha na haikwaruzi, tofauti iliyobaki ni ndogo. Tofauti kati ya spika na spika ni kubwa, na kati ya chumba na chumba ni kubwa zaidi. Pesa ifuate mpangilio huo.

Nina ombi kwa wenye maduka ya Kariakoo, ya Darajani, ya Luthuli kule Nairobi, na kwingineko vifaa hivi vinakouzwa. Tengeni chumba kidogo, hata cha mita tatu kwa tatu, kitandikwe zulia na kutiwa pazia, pawekwe kiti kimoja na stendi mbili, mlango ufungwe ili redio ya duka jirani isiingie. Andikeni wazi volti, omu na wati za kweli. Mteja akija na wimbo wake mwacheni akae nao robo saa. Na kama duka lako lina chumba cha namna hiyo tayari, liandike mlangoni tulione, maana watu wa kuja kusikiliza tupo.